Wanawake Ambao Sikuwahesabu

Mtu wa kwanza kuniita mwandishi alikuwa dereva wa ambulensi, na hakuniita hivyo kwa kunisifu. Siku hizi ninakaa Nairobi, kati ya marafiki wanaobishana kuhusu vitabu mpaka chai inapoa, na mmoja wao akinitambulisha kwa mgeni na kusema, "Huyu ni mwandishi," bado naisikia sauti ya yule mzee. Naitikia, natabasamu, natoa mkono. Lakini moyoni nimesimama tena kwenye ua wa hospitali, ndoo ya maji mkononi, matope mekundu yamekauka kwenye viatu vyangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafunzwa huduma ya kwanza kwa miezi michache, kisha nikaajiriwa kuwa mhudumu wa ambulensi katika hospitali moja pale Nyeri. Ambulensi yenyewe ilikuwa Landrova kuukuu yenye machela mbili na sanduku la bandeji. Dereva alizaliwa Majengo, pale pale mjini. Baba yake alikuja huku zamani akiwa mpishi wa safari za wazungu, akaoa mwanamke wa huku, akabaki. Kabla ya kuwasha gari alisema bismillahi polepole, hata kama simu imesema mtu anatokwa na damu. Aliniita mwalimu, kwa sababu chini ya kiti changu hakikukosa kitabu cha hadithi.

"Mwalimu," alizoea kusema tukipita Gatitu, ambako nyumba yetu ilionekana kutoka barabarani, "mama yako amekuona. Kaa wima."

Niliipenda kazi ile. Nasema hivyo mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani niliifanya kwa kuchukia au kwa uvivu. Niliamka kabla ya saa kumi na mbili ili niuone mlima ukiwa bado mtupu, haujajifunika mawingu, kisha nikashuka mjini kwa miguu nikifikiri leo ni nani atakayenihitaji. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi walifanya: walinishika mkono wa shati. Mtu asiyenijua, aliyevunjika, ambaye jana tungepishana sokoni bila salamu, alikamata kitambaa cha shati langu na hakukiachia mpaka tufike. Nilirudi nyumbani na mikunjo ile, na mama alipotaka kupiga shati pasi nilimwambia aache kwanza.

Sasa inanibidi nieleze jambo la kwetu. Kwetu watu hawahesabiwi. Vitu vinahesabiwa, siku zinahesabiwa, lakini watu hapana, hasa wakiwa wamekaa pamoja. Nikiwa na miaka sita hivi niliwahi kunyoosha kidole jikoni kwa cucu, nyanya yangu, nikaanza kuhesabu binamu zangu waliozunguka moto. Nilifika wa nne. Cucu alinipiga kidole kwa mwiko.

"Unamwita nani aje awapunguze?" aliniuliza.

Sikujua ni nani aliyekuwa akingoja kutupunguza, lakini nilimwogopa tangu siku hiyo. Nilisoma hesabu shuleni, nikapata alama nzuri, na bado nilipoingia chumba chenye watu kidole changu kilijikunja chenyewe.

Simu ya siku ile ilikuja asubuhi, mvua za Aprili zikiwa zimenyesha usiku kucha. Lori la mkulima mmoja lilikuwa limepinduka kwenye kona, mbele kidogo ya Mukurweini. Lilikuwa limebeba wanawake wa kikundi kimoja cha kanisa, wakienda kumpongeza mwenzao aliyejifungua. Hivyo ndivyo wanavyofanya: wanakwenda kwa nyimbo, na ndizi, na kuni, na uji kwenye vibuyu, ili mzazi asiingie jikoni wala shambani mpaka apate nguvu. Tulipofika, lori lilikuwa limelala ubavu kwenye ukingo wa barabara. Ndizi mbichi zilikuwa zimetapakaa kila mahali na uji unatiririka kwenye tope. Upande wa chini shamba la migomba liliteremka mpaka mtoni, kijani tupu, majani yakidondosha maji.

Wanawake walikuwa wameketi kando ya barabara. Aliyewapanga pale alikuwa kiongozi wao, mama mzee aliyekuwa ndiye anayeanzisha nyimbo. Mfupa wa bega lake ulikuwa umevunjika, niliuona kwa jinsi alivyoushikilia mkono, lakini alikataa nimguse.

"Anza na hao," alisema. "Mimi bado nasimama."

Wawili walikuwa wameumia vibaya, mmoja kichwa, mmoja kifua. Niliwafunga, tukawalaza kwenye machela. Lori la maziwa lilikuwa limesimama, na mwenyewe akakubali kuwabeba waliosalia mpaka hospitali. Wanawake wakaanza kupanda, wakisaidiana, wengine wakilia, wengine wakiulizana kama vibuyu vimepona. Nilikuwa nafunga mlango wa nyuma wa Landrova dereva alipotoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, umehesabu?"

"Bado."

"Hesabu basi. Uliza walikuwa wangapi."

Nilimwendea yule mama. Nakumbuka nilivua kofia.

"Mama, mlikuwa wangapi ndani ya lori?"

Alinitazama kuanzia viatuni mpaka usoni.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Nimetoka Gatitu, mama."

"Na huko Gatitu siku hizi watu wanahesabiwa kama mbuzi wa mnada?"

Wanawake walicheka. Mmoja mwenye mdomo uliopasuka alicheka huku ameuziba kwa leso. "Mwacheni," alisema, "amesoma sana huyo, kusoma kumemharibu."

"Watu hawahesabiwi," yule mama akaniambia, sasa kwa upole. "Na hasa si mahali kama hapa, mwanangu. Unataka tumwite?"

Hakumtaja anayeitwa. Hakuhitaji. Kidole changu kilijikunja, uso ukaniwaka moto kwa aibu, na nikajiona nikiwa jikoni kwa cucu. Ningeweza kumsihi. Ningeweza kuteremka hatua kumi tu ndani ya migomba na kutazama. Chini kule kulikuwa na kimya, na mimi nilikiamini kile kimya kwa sababu kilinifaa.

"Ni wote?" dereva aliita.

"Ni wote," nikasema. "Twende."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Yule mama hakuyasema.

Saa kumi alasiri simu ililia tena. Mtu aliyekuwa akikata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe alikuwa amemkuta mwanamke karibu na mto, chini ya kona ile ile. Walioondoka na lori la maziwa walidhani amekuja nasi. Sisi hatukudhani chochote. Dereva alisema bismillahi gari likiwa tayari linatembea, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mchuuzi wa ndizi, kiondo chake bado kimening'inia mgongoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa na kupondwa kati ya mawe mawili, na alikuwa baridi kama hayo mawe. Macho yalikuwa wazi. Nilipoinama alinishika mkono wa shati. Kitu nilichokipenda kuliko vyote katika kazi ile, na siku hiyo nilitamani aachie. Hakuachia. Alinishika kutoka mtoni mpaka barabarani, kutoka Mukurweini mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na kitambaa kilibaki na alama za vidole vyake vya matope.

Walimkata mguu juu ya goti. Daktari mkuu alisema kwamba kama angeletwa asubuhi, huenda. Hakumaliza. Aliniita ofisini, akanisukumia kitabu cha ripoti.

"Andika jinsi ilivyokuwa," alisema. "Nataka kujua ni nani aliyesema wametimia."

Nilikaa na kitabu kile kwa muda mrefu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mwajiriwa pekee katika nyumba yetu, na nilikuwa nimeona jinsi mama anavyowaambia majirani, "Huyu wangu anaokoa watu." Nikaandika kwa mwandiko mzuri, ule niliosifiwa shuleni: *Kiongozi wa abiria alithibitisha kuwa wote wapo.*

Dereva alitakiwa kutia sahihi chini. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama afanyavyo akisoma msahafu. Alifika kwenye neno moja akasimama.

"Alithibitisha?"

Nilimsogezea kalamu.

"Mimi nilikuwa kwenye usukani," alisema hatimaye. "Sikusikia yote." Akatia sahihi. Alikuwa na watoto wengi na miaka michache kabla ya kustaafu. Kisha akanitazama kwa huzuni ambayo ningependa ingekuwa hasira. "Haya, mwandishi. Twende tukaoshe gari."

Hakuniita mwalimu tena.

Nilikwenda wodini baada ya wiki mbili, nikiwa na machungwa matano kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini mwanamke yule aliniwahi.

"Nilikusikia," alisema.

"Ulinisikia lini?"

"Kule chini. Nilikusikia ukiuliza wangapi. Nilikuwa na tope mdomoni na kifua kimebana, sauti haitoki. Halafu nikamsikia mama yetu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani." Akatabasamu kidogo. "Nilitaka kucheka, wee, na mguu umekwisha hivyo."

"Alinikatalia kwa sababu ya..."

"Hata mimi ningekukatalia. Unaanzaje kuhesabu watu waliotoka kuanguka?" Alichukua chungwa moja, akalizungusha mkononi bila kulimenya. "Lakini kwani lazima namba? Ungemuuliza kila mmoja alikuwa amekaa na nani. Mimi nilikuwa nimebanwa na mmoja pale, tangu nyumbani ananisimulia ubaya wa mkwe wake. Ungemuuliza hivyo tu, angepiga kelele mpaka lori liinuke lenyewe. Lakini alipanda lori la maziwa analia, hakuna aliyemuuliza kitu."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na sijakutana na sentensi iliyonipiga kama ile. Nilikuwa nimeuona mwiko wa kwetu kama ukuta: ama unauvunja kwa jeuri, ama unarudi nyuma kwa heshima. Mwanamke asiyejua kusoma alinionyesha kwamba ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi siku zote. Wazee wetu hawakuwa wajinga wa kutojua ni nani amekosekana kando ya moto. Walikuwa wakitajana. Waliulizana. Mimi nilichukua katazo la cucu, nikaliacha jicho lake, ambalo kila jioni lilizunguka jikoni na kusimama pale palipokuwa na nafasi tupu.

Aliponiaga alisema, "Nilikusikia pia ulipofunga mlango wa gari mkaondoka." Sikuwa na ujasiri wa kuuliza alisikia nini kabla ya hapo.

Ndugu zake walikuja hospitali kuuliza mambo yalikuwaje, wakafunguliwa kitabu, wakasomewa. Yaliyofuata Mukurweini niliyasikia kwa vipande, kwa wagonjwa na kwa watu wa dukani. Yule mama mzee alinyamazishwa. Hakuna aliyemtukana. Mwingine tu alianzisha wimbo Jumapili moja, na nyingine, na baada ya hapo ikawa hivyo. Walipokwenda kumpongeza mzazi hawakumpitia. Yeye naye hakubisha. Watu walisema kutobisha kwake ndiko kulikoonyesha kuwa ni kweli.

Nami nikawa hodari. Naandika hili kwa aibu, lakini ni kweli kwamba sijawahi kufanya kazi vizuri kama miezi ile. Kila ajali niliuliza lile swali. Siku moja, mchana wa soko, gari la mizigo na abiria lilipinduka Chaka, kwenye barabara ya Nanyuki, viazi vikamwagika hadi upande wa pili. Nilipita kwa kila mtu, hata waliokuwa wakilia: ulikuwa umekaa na nani? Mzee mmoja mwenye koti la jeshi alisema, "Na yule mwenye kuku. Kuku wake amenidonoa njia yote, ati nivumilie." Nikaangalia huku na huku. Kuku alikuwepo, amefungwa miguu, anahema majanini. Mwenye kuku hakuwepo. Tulihamisha magunia ya viazi kwa mikono, watu wa soko wakitusaidia, na tukamkuta chini yake, akiwa bado anapumua.

Daktari mkuu alinishika mkono mbele ya wauguzi. Mama alisikia, akachinja kuku wetu. Usingizi ukanipotea kabisa.

"Umejifunza," dereva aliniambia tulipokuwa tukisafisha machela.

"Ndiyo."

"Aliyekufundisha amelipa kwa mguu wake. Na yule mama wa nyimbo analipia nini, mwandishi?"

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Mukurweini. Nilimkuta mwanamke wa ndizi sokoni, gongo lake la kutembelea limeegemezwa kwenye meza. Nilisubiri wateja waondoke. Kisha nikamwambia yote: nilivyosema "ni wote", nilivyoandika, mwandiko ulivyokuwa mzuri.

Aliendelea kupanga ndizi zake.

"Hayo nayajua. Si nilikwambia nilikusikia? Ndugu zangu waliponiambia kitabu kimesema nini, nilikasirika. Mama yetu alipokuja kunitazama wodini, mkono umefungwa shingoni, nikamwambia, nitawaambia watu wote ni yule kijana aliyesema. Akanikataza."

"Alikukataza?"

"Alinikalisha kimya kama mtoto. Akasema, mimi nimeimba vya kutosha. Huyo ndiyo kwanza anaanza kazi, na kesho atakuja kutuokota tena. Mkimfukuza, atakuja nani?" Akaniangalia sasa. "Nimenyamaza kwa sababu yake, si kwa sababu yako. Nenda ukamwone. Jumapili utamkuta benchi ya nyuma, karibu na mlango."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata, nimevaa shati jeupe. Kanisa lilikuwa la mbao na mabati, harufu ya nguo zilizokaushwa kwa moshi. Yule mama mzee alikuwa pale nilipoelekezwa, peke yake, bega moja limeshuka kuliko lingine. Niliketi karibu naye. Aliniona, akanisogezea kitabu cha nyimbo tusome pamoja. Wimbo ulipoanzishwa na mwanamke wa mbele, niliona midomo yake ikitangulia neno moja, kisha ikajizuia, ikasubiri wenzake.

Kuna wakati katika ibada zetu ambapo wageni huombwa wasimame, wajulikane, wasalimie. Nilikuwa nimeungoja wakati huo. Nilijua kwamba hapo ndipo mahali pa kusema ukweli, mbele ya wanawake wale wale, na mwenye gongo ameketi safu ya tatu, amegeuza shingo. Mzee wa kanisa akasema, "Tunaona mgeni kule nyuma." Nikasimama. Nikasema jina langu na la baba yangu. Nikasema nimetoka Gatitu na kwamba ninafanya kazi kwenye ambulensi.

Kabla sijafungua mdomo tena, walipiga makofi.

Walikuwa wamesikia habari za Chaka. Makofi yalianza kwa wanawake, yakaenea kanisa lote, na mmoja akapiga kigelegele, yule yule mwenye mdomo uliowahi kupasuka. Nilisimama pale nimejaa upendo wa watu kama kibuyu kilichojaa hadi shingoni. Nilikuwa na sentensi moja. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nikasema, "Bwana asifiwe. Asanteni sana." Nikaketi.

Mwanamke mwenye gongo aligeuza shingo yake mbele, taratibu.

Yule mama mzee hakunitazama. Alinipigapiga goti mara mbili, kama mtu anavyomtuliza mtoto aliyeshindwa kusoma mbele ya darasa, akafungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa uliofuata na kuniwekea kidole pale tulipofikia.

Niliacha kazi mwaka ule ule, nikaenda Nairobi. Kwa wenzangu nilisema nataka kuandika. Riwaya yangu ya kwanza ina ambulensi ndani yake, na kijana jasiri, na msomaji mmoja aliniandikia kwamba alilia. Haina benchi ya nyuma. Dereva amestaafu, na mama yule, nasikia, sasa haonekani kanisani, magoti hayamruhusu. Sijaambiwa kwamba amekufa. Sijaenda kuuliza.

Sikutaja jina la mtu hapa, kwa sababu majina yale si yangu kuyapeleka mjini. Lakini kuna watu wa Mukurweini ambao watoto wao sasa wanasoma, na kurasa hizi zinaweza kufika huko hata kama karatasi za kufungia sukari dukani. Basi nasimama tena, mgeni wa kule nyuma, kabla ya makofi. Yule mama hakusema kwamba wote wapo. Alisema tu watu hawahesabiwi. Aliyesema ni wote ni mimi.